Fundo la kamba ya hema linaachia usiku, naomba ushauri

Wakuu, habari. Nikilala kambini, kamba za hema nazikaza vizuri jioni, lakini mvua ikinyesha usiku zinalegea. Najua nailoni ikilowa hutanuka, ila kinachonisumbua zaidi ni fundo lenyewe. Napitisha kamba kwenye kigingi, narudi juu, naizungusha ncha kwenye kamba yenyewe mara mbili kwa ndani ya kitanzi na mara moja kwa nje, ili niweze kulisogeza nikikaza na libane kamba ikivutwa. Kamba yangu ya zamani, iliyochakaa ikaota manyoya, inashika. Hii mpya ni laini mno, fundo linateleza taratibu hadi turubai linanigusa pua! Niongeze mzunguko wa tatu ndani, au kuna fundo bora? Lisiwe la kung'ang'ania tu; asubuhi vidole vimekufa ganzi, na kamba nyingine sitaki kuikata kwa kisu.