Nairobi ya 1962 ilikuwa na watu wangapi hasa?

Mjukuu wa Pangani

Wanajukwaa, hamjambo. Ninaandika kijitabu cha historia ya familia yetu, iliyoishi katika kijiji cha kale cha Pangani, hapa Nairobi, hadi kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wenye nyumba wake kupewa makao mapya Shauri Moyo. Nimekwama mahali pawili. Kwanza, kitabu kimoja kinasema Nairobi ilikuwa na watu karibu 267,000 katika sensa ya 1962, na kingine kinataja 343,500 kwa mwaka huohuo, wala hakuna kati yao kinachoeleza tofauti hiyo. Pili, ningependa kujua Pangani yenyewe ilikuwa na wakazi wangapi kabla ya kubomolewa. Ushahidi nilio nao ni stakabadhi moja tu ya kodi ya kichwa ya babu, iliyokunjwa mara nne ndani ya sanduku la bati la nyanya yangu.

Karani Mstaafu

Ndugu Mjukuu, idadi zote mbili ni sahihi, ila hazizungumzii Nairobi moja. Ile ya kwanza ni ya watu waliohesabiwa ndani ya mji wa wakati ule, ambao haukufikia kilomita za mraba 100. Mnamo 1963 mipaka ilisukumwa nje, ikameza Dagoretti, Karen, Langata, Embakasi na hata mbuga ya wanyama, mji ukawa na takriban kilomita za mraba 690. Waliotaka kulinganisha sensa hiyo na iliyofuata walilazimika kurudi nyuma na kukadiria ni watu wangapi mwaka 1962 walikuwa tayari wakiishi ndani ya mipaka hiyo mipya, na hapo ndipo ilipotoka 343,500. Tazama tarakimu za mwisho: sensa ya 1948 ilipata 118,976 na ya 1969 ikapata 509,286, kwa sababu hao walihesabiwa mmoja mmoja, lakini idadi inayoishia kwa sifuri mbili mara nyingi imepitia mezani kwa mtu mwenye kalamu.

Jambo hili si dogo. Ukianzia 267,000, utawaambia wasomaji wako kwamba Nairobi ilikaribia kuongezeka maradufu kwa miaka saba. Ukianzia 343,500, ongezeko ni kama asilimia 48, ambalo bado ni kubwa lakini linaaminika. Nimekuwa karani wa sensa, na nimeona wasomi wakikosea hapa kwa kunakili jedwali bila kusoma tanbihi iliyo chini yake.

Binti Majengo

Nashukuru kwa maelezo ya Mzee Karani. Mimi nitagusa swali la pili, na naogopa jibu lake halitakufurahisha. Sensa za 1911, 1921, 1926 na 1931 ziliwahesabu Wazungu, Wahindi, Waarabu na wengine wasiokuwa Waafrika. Waafrika walikadiriwa tu kutokana na daftari za kodi. Sensa ya kwanza ya nchi nzima iliyowajumuisha ni ile ya 1948, na wakati huo Pangani ilikuwa imekwisha kubomolewa.

Kwa hiyo stakabadhi ya babu yako inaonyesha pia udhaifu wa makadirio hayo. Kodi ya kichwa ilimfuata mwanamume mtu mzima, ilhali Pangani ilijulikana kwa wanawake waliojenga na kupangisha nyumba zao wenyewe. Naomba nikuulize, nyumba ilikuwa ya babu au ya nyanya? Ukikuta mahali idadi ya wakazi, uliza kwanza ilitokana na vichwa, nyumba au walipa kodi, na kama wapangaji wa usiku mmoja walihesabiwa.

Pa kuanzia ni Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue. Omba ripoti za mwaka za afisa wa manispaa aliyesimamia mambo ya Waafrika, hasa za miaka ya 1930, maana kabla ya kubomoa ilibidi wajue ni nyumba ngapi na ni za nani. Magazeti ya zamani yatafute katika maktaba ya McMillan. Nenda na penseli na subira: faili moja laweza kukuchukulia asubuhi nzima.

Msomaji wa Mbali

Nyongeza fupi. Sehemu kubwa ya nyaraka za kikoloni za Kenya ilipigwa picha kwenye mikrofilamu, na nakala zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Barua za serikali ya koloni kwenda London ziko Kew, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, katika mfululizo wa majalada wa CO 533. Mwenye jamaa huko na amwombe kabla ya kufikiria nauli.

Mjukuu wa Pangani

Nawashukuru nyote. Nimeandika upya sentensi ya 1962, na sasa inataja idadi zote mbili pamoja na mipaka ya kila moja. Binti Majengo, nimemuuliza mama swali lako: nyumba ilikuwa ya nyanya, vyumba sita, na babu aliingia kama mpangaji. Jumanne nitakwenda Moi Avenue, na jina nitakalolitafuta kwanza katika orodha ya wenye nyumba ni la nyanya.