Tupeane uzoefu: Safari ya gari na watoto kufuata pwani, Bagamoyo mpaka Tanga, kulala kwenye mahema

#1
Habari za wakati huu wakuu. Likizo za shule zinakaribia, na kila mwaka naona watu wanaulizana hoteli nzuri ya ufukweni ni ipi. Sisi tunaobeba mahema na watoto nyuma ya gari hatusikiki. Uzi huu ni wetu: sema ulipita wapi, watoto walifurahia nini, na mwenzako ajue nini kabla hajaondoka.

Naanza mimi. Tulitoka Dar tukapita Bagamoyo, Saadani na Pangani, tukamalizia Tanga. Kilichotufaa kuliko vyote ni kupanga siku kwa kufuata maji. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50, kwa hiyo ufukwe uliokuwa mkavu mpaka mbali leo asubuhi, wiki ijayo saa hiyohiyo umefunikwa. Maji yakipwa, watoto wanatafuta kaa na viti vya pweza kwenye vidimbwi vya miambani. Yakijaa, wanaogelea. Muda unaobaki ndio wa barabarani.

Magofu ya Kaole, kilomita kama 5 kusini ya Bagamoyo mjini, msiyapite. Msikiti wa pale unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na yapo makaburi ya nguzo. Binti yangu alisimama katikati ya magofu akauliza bandari ya zamani iko wapi, maana mbele aliona mikoko tu. Bahari ilishasogea, mikoko ikachukua nafasi yake. Tulizungumza habari hiyo njia nzima.

#2
Asante kwa uzi, mkuu. Mimi ni mama wa watatu, nitasema ya Saadani.

Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ndiyo hifadhi yetu ambako unaona twiga na bahari kwa wakati mmoja. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio. Kilichowateka wangu ni boti ya mto Wami: viboko wanaibuka, mamba wamelala kwenye tope mdomo wazi, na mwanangu wa mwisho, ambaye hanyamazi kamwe, alinyamaza kabisa.

Sasa wazazi wenzangu, mbung'o. Wapo, na wanauma kweli. Wanavutwa na rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi, kwa hiyo wavalisheni watoto kaki au rangi ya mchanga, mikono mirefu. Chakula kisilale ndani ya hema hata kidogo, hata biskuti. Na usiku mtoto akitaka kwenda chooni, asiende peke yake. Mulika tochi kwanza pande zote, na kama kuna askari karibu mwite.

#3
Nafuatilia. Swali: hema mnalisimamishaje kwenye mchanga? Vigingi vya kawaida havishiki.

#4
Ndugu yangu #3, mimi ni mtu wa Pangani, nikujibu. Chukua mfuko wa salfeti au hata wa plastiki ngumu, ujaze mchanga, ufunge kamba ya hema katikati, kisha uufukie kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko na ukanyage juu. Upepo wa kusi hauung'oi.

Kubwa zaidi ni mahali. Chini ya mnazi hapana, nazi haitoi taarifa. Halafu angalia mistari mchangani. Mzee mmoja mvuvi alimwonyesha mwanangu: mstari wa chini ni mwani mbichi bado unanuka, hapo ndipo maji yalipofika jana. Panda juu kidogo utakuta mwingine, mwani uliokauka umechanganyika na vijiti na majani ya mivinje. Huo ni wa bamvua, maji makubwa ya mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Hema likae juu ya mstari huo wa pili, hata kama bahari ya siku hiyo inaonekana iko mbali sana.

#5
Naongezea Ushongo, kusini ya mto Pangani. Wakati ule tulivuka kwa kivuko kutoka Bweni kurudi Pangani mjini, na kwa watoto kivuko chenyewe kilikuwa sehemu ya matembezi.

Kutoka Ushongo mnapata boti ya kwenda Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, kasa wakitaga. Siku hizi ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa tu. Ndiyo maana naungana na #1: ulizeni saa ya maji kwanza, boti baadaye.

Mkibahatika mtaona vifaranga vya kasa vikitoka. Mayai hukaa mchangani takriban siku 50 hadi 60, na walinzi wa viota wanajua lini yatafunguka. Mchanga unaanza kutikisika, kichwa kimoja, kisha vingi kwa mkupuo. Zimeni tochi na simu, maana vifaranga hufuata mwanga wakidhani ni bahari. Msivibebe mkaviingiza majini, viacheni vitambae vyenyewe.

#6
Tanga: mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kutoka mjini. Viatu vya kushika, tochi kwa kila mtoto, na muongozaji. Kuna popo. Njiani waonyesheni mashamba ya mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mwanangu alianza kuhesabu mistari ya shamba akakata tamaa.

#7
Wakuu, msisahau majira. Masika, Machi mpaka Mei, udongo mweusi wa Saadani unageuka tope linalomeza matairi. Kama likizo yenu inaangukia hapo, ifanyeni safari kinyume: Chalinze, Segera, Muheza mpaka Tanga kwa lami, kisha mshuke Pangani, kama kilomita 50. Saadani iwekeni Julai.