Mrejesho: intaneti iliyokuwa ikisuasua jioni, Lamu

Ndugu zangu, ahsanteni sana. Kwa ambao hawakuona swali langu: kwetu Mkomani intaneti ilikuwa nzuri mchana, jioni video zinazunguka tu, ilhali ukichomeka waya kwenye ruta kasi iko sawa.

Aliyesema waya ukiwa sawa basi tatizo ni Wi-Fi, alipiga penyewe. Nilipima kwa programu ya simu, nikakuta ruta za majirani karibu zote zimerundikana chaneli 6 (njia moja ya mawimbi ya Wi-Fi), na yangu humo humo. Vichochoro vyetu mnavijua, nyumba zimegusana. Nikaingia kwenye mipangilio (anwani na nywila zimeandikwa chini ya ruta), nikatoa "Auto" (ruta kujichagulia yenyewe) nikaweka chaneli 11, na upana wa chaneli nikaushusha kutoka 40 MHz hadi 20. Nadhani huo upana ndio uliofanya kazi kubwa, maana 40 kwenye 2.4 GHz (masafa ya Wi-Fi niliyokuwa nikitumia) inakula nafasi karibu yote. Sasa mama anaongea na dada aliyeko Mombasa kwa video na picha haigandi, hata baada ya magharibi.

5 GHz, yale masafa mengine ya Wi-Fi, imenifaa nusu. Sebuleni inakwenda kasi sana, lakini kwa kuta hizi nene za mawe ya matumbawe, ukifika dakani imekufa. Nimeziacha zote mbili, 2.4 na 5, kwa majina tofauti.

DNS (huduma inayotafuta anwani za tovuti) nilibadilisha, sikuona tofauti. Chumba cha juu bado hakijapona. Ushauri wa kupandisha waya na kufunga ruta ya pili huko ndio unaofuata, nikipata fundi wa kutoboa ukuta.