Plasta ya saruji inafura, nipake rangi tu?

MamaWawili:
Assalaam aleikum jamani. Nyumba niliyorithi kwa nyanya, Mji wa Kale, ni ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Meza yangu ya kuandikia iko ukumbini, ndiko kwenye upepo. Mwaka juzi fundi alipiga plasta ya saruji, ikateleza kama ganda la yai. Masika haya imefura, ukiigonga inalia tupu, na unga mweupe unadondokea kompyuta. Jana kitindamimba wangu, miaka 4, kaulamba: "Mama, ukuta una chumvi." Nina hadithi ya kukabidhi Ijumaa. Nipake rangi nisitiri aibu?

FundiChokaa:
Waaleikum salaam dada. Usipake! Utafungia maji ndani. Jiwe la matumbawe hupumua, saruji hulizibia. Bandua yote, ukuta ukauke miezi kadhaa, kisha upigwe chokaa na mchanga. Usikubali mchanga wa ufuoni, huo ndio chumvi yenyewe.

BintiKibokoni:
Na mabomba je? Sisi tuliilaumu mvua mwaka mzima, kumbe choo cha juu.

MamaWawili:
Choo kizima, nimekagua mwenyewe na tochi. Lakini miezi! Haya, meza naihamishia jikoni, niandike huku mbaazi zinachemka. Huo mchanga sasa... fundi alikuja nao usiku na mkokoteni, nami nikamshukuru kwa bei.

FundiChokaa:
Usiku? Pole dada.