Diski za breki zimechakaa: nizikereze au ninunue mpya?

Muulizaji

Habari za wakati huu, ndugu wataalamu. Usukani wa gari langu hutetemeka kila ninapofunga breki nikiwa katika mwendo wa kilomita 90 kwa saa na zaidi, ilhali katika mwendo mdogo nahisi tu kanyagio likidunda kidogo chini ya mguu. Pedi za mbele zimefika mwisho, na diski zake, zile zenye njia za hewa katikati, zina mistari iliyochimbika na ukingo ulioinuka pembeni. Zilipokuwa mpya zilikuwa na unene wa milimita 25. Kwenye diski pameandikwa MIN TH 23, yaani unene usiopungua milimita 23, na fundi alipozipima kwa venia (kipimo chenye taya mbili) alipata milimita 23.6. Anashauri tuzikereze, yaani tuzikate uso kwa mashine mpaka uwe laini, kwa kuwa hazijafika kikomo. Fundi wa pili anasema nizitupe zote mbili. Naomba kuelezwa ni kigezo gani kinachopaswa kuamua, maana kila mmoja wao anazungumza kwa uhakika uleule.

Jibu la 1

Ndugu, kabla ya kuchagua upande wowote, kipimo hicho cha venia kiweke kando. Taya za venia zikikaa juu ya ule ukingo ambao pedi haziufikii, unachopima ni unene wa ukingo, si wa sehemu inayosuguliwa, kwa hiyo diski itaonekana nene kuliko ilivyo. Tumia maikromita, kipimo cha unene chenye ncha ndogo, pima sehemu nane kuzunguka diski, kila moja ikiwa takriban milimita 10 ndani ya ukingo, kisha uamue kwa kufuata kipimo kidogo kuliko vyote na si kwa wastani.

Hata tukikubali hiyo 23.6, hesabu yake haina nafasi kubwa. Kukereza ni lazima kufike chini ya mstari uliochimbika zaidi, tena kwa pande zote mbili. Ukiondoa robo ya milimita kila upande, unabaki na 23.1, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita ya kutumika kwa maisha yote ya pedi mpya. Namba iliyogongwa kwenye diski kwa kawaida ni kikomo cha kutumia. Si ruhusa ya kukereza mpaka hapo. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji hutoa namba mbili katika vitabu vyao vya matengenezo, moja ya kuishia kukereza na nyingine ya kutupa.

Jibu la 2

Nakubaliana na hesabu ya mwenzangu, ila naona tumeanza kujibu habari ya unene wakati ndugu huyu analalamikia mtetemo, na hayo ni mambo mawili tofauti. Diski nyembamba iliyochakaa sawasawa haitetemeshi usukani. Husemwa kwamba diski "imepinda kwa moto", lakini mara nyingi tatizo ni kwamba unene wake haulingani kuzunguka duara, na tofauti ya milimita 0.02 au 0.03 inaweza kutosha dereva aihisi.

Tofauti hiyo huweza kuletwa na diski isiyokaa sawa juu ya habu, yaani kitovu ambacho diski na gurudumu hufungwa. Kutu ikijikusanya kati ya habu na diski, au nati za gurudumu zikikazwa bila ulinganifu, diski huzunguka ikiyumba, na sehemu ileile hugusa pedi kidogo kila mzunguko hata usipokanyaga breki, mpaka inaliwa kuliko nyingine. Ukifunga diski mpya juu ya habu yenye kutu, mtetemo utaondoka kwanza kisha utarudi, na lawama itaangukia diski. Mwombe fundi apime kuyumba kwa geji ya saa, kipimo chenye mshale kama wa saa, diski ikiwa imebanwa na nati zote. Magari mengi huhitaji kuyumba kusizidi milimita 0.05, ingawa kauli ya mwisho ni ya kitabu cha gari lako.

Muulizaji

Nashukuru sana. Tumepima upya diski iliyo mbaya zaidi. Kwa maikromita, sehemu nyembamba ni 23.31 na nene ni 23.34. Kuyumba kulikuwa 0.11, lakini tulipoisugua habu kwa brashi ya waya na kuirudisha diski, kukashuka hadi 0.04. Hakuna nyufa wala madoa ya buluu.

Jibu la 1

Basi nunua mpya, kushoto na kulia pamoja. Kwenye 23.31 hakuna chuma cha kukereza.

Jibu la 3

Ningependa tu wasomaji wasiondoke na dhana kwamba kukereza ni ujanja wa kubana matumizi. Kama diski hizi zingekuwa na 24.6, mistari ikiwa haina kina na nyufa hakuna, mimi ningezikereza bila wasiwasi, hasa kwa ile mashine inayofungwa kwenye habu ya gari lenyewe, kwa sababu hukata diski ikizunguka kwenye mhimili wake halisi na hivyo kuyumba huondoka pamoja na mistari. Madoa ya buluu magumu ni jambo lingine: pale chuma kimebadilika kwa joto, ugumu umeingia ndani kuliko kisu kinavyofika, na doa hujitokeza tena. Ufa unaofika ukingoni haujadiliwi. Diski hiyo inatupwa.

Jibu la 2

Ukishanunua mpya, ondoa mafuta ya kuzuia kutu yaliyo kwenye diski mpya kwa dawa ya kusafishia breki, funga pedi mpya, na usirudishe zile za zamani zilizokwisha kuchukua umbo la mistari. Hakikisha pini za kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) zinateleza, maana pini iliyokwama itaila pedi upande mmoja. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota, kwa spana inayopima nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu. Baada ya hapo funga breki kwa nguvu ya wastani mara kadhaa barabara ikiwa tupu, ukiacha zipoe kati ya kila mara, na usisimame huku umeshikilia kanyagio wakati diski zina moto, kwa kuwa pedi huacha alama yake palepale zilipobana.