Kushusha gari: springi fupi au koilova, ipi inasaidia kweli kwenye kona?

KonaKali
Wakuu, habari za leo. Nataka kushusha gari langu mwezi huu na nimebaki na njia mbili: springi fupi juu ya shokapu nilizonazo, au koilova kamili (springi na shokapu zilizounganishwa, urefu wake unarekebishika). Si kwa ajili ya muonekano, nataka litulie kwenye kona. Ninyi mngechukua ipi?

FundiMkongwe
Gari gani, ndugu? Unashusha milimita ngapi? Shokapu zina umri gani? Usipotaja hayo, kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

Torki_Kwanza
Koilova, mkuu. Urefu unachagua mwenyewe, na shokapu yake imetengenezwa kulingana na ugumu wa springi yake. Springi fupi ni ngumu, inarudi kwa nguvu, na shokapu ya kiwandani haiwezi kuituliza. Gari linadundadunda hata kwenye lami nzuri.

MwendoPole
Torki, inategemea koilova yenyewe. Zile ambazo unashusha kwa kuteremsha kikalio cha springi zinakula safari ya shokapu, yaani nafasi iliyonayo ya kubonyea. Afadhali zile ambazo unazungusha sehemu ya chini ya shokapu, safari inabaki ile ile. Koilova duni mimi siweki, bora springi fupi nzuri na shokapu mpya.

DadaSpana
KonaKali, kuna njia ya tatu hujaitaja ila utashauriwa tu huko gereji: kukata springi. Usikubali. Gari yangu ya kwanza ilikatwa koili moja na nusu kila upande. Wiki ya kwanza nilifurahi, maana koili zikipungua springi inakuwa ngumu, na gari ikawa kama inashika zaidi. Siku moja niko kwenye kona ndefu ninayoijua, spidi ya kawaida, katikati lami ina wimbi dogo. Shokapu za nyuma zilikuwa zimebakiza safari fupi mno, zikagonga zile raba za mwisho. Raba ikishabanwa ni kama huna springi tena. Tairi la nyuma la nje likabebeshwa mzigo wote ghafla, likaachia, mkia ukatoka. Nilipambana na usukani mpaka ikanyooka, na mwanangu alikuwa kiti cha nyuma. Kesho yake nikaipiga jeki: gurudumu likining'inia, springi inacheza na kutoka kwenye kikalio, kwa sababu ni fupi kuliko shokapu iliyonyooka. Nilizitoa zote siku hiyo hiyo.

KonaKali
Pole sana dada, hiyo nimeifuta. Samahani kwa kutotaja: ni Subaru Impreza ya 2004, nafikiria milimita 40 hadi 50. Shokapu ni zile zile lilizokuja nazo.

FundiMkongwe
50 ni nyingi kwa gari hilo. Lina strati za MacPherson, yaani gurudumu linashikwa na mkono mmoja chini na shokapu yenyewe juu. Ingia chini utazame mkono wa mbele unaoshika gurudumu: unateremka kidogo kutoka kwenye chesesi kwenda nje. Ukishusha sana unalala, kisha unaanza kupanda. Hapo ile nukta ambayo bodi huinamia kwenye kona inazama haraka kuliko kitovu cha uzito, umbali kati yake unakua, na bodi inapata nyenzo ndefu ya kuinamia. Gari limeshuka lakini linataka kulala zaidi! Unalazimika kufidia kwa springi ngumu au stebilaiza nene (chuma kinachozuia bodi kuinama). Tairi la nje nalo linaanza kukanyagia bega. Tairodi (chuma kinachounganisha usukani na gurudumu) ikishabadili pembe, kila tuta linageuza gurudumu kidogo bila wewe kugusa usukani.

Faida ipo, ila piga hesabu. Tuseme kitovu cha uzito kiko sentimita 50 toka ardhini. Shusha 3, na uzito unaohamia magurudumu ya nje unapungua kama asilimia 6. Mimi ningeanza na tairi nzuri na shokapu mpya, kisha milimita 20 au 25.

Torki_Kwanza
Mbona magari ya mbio yako chini kabisa?

FundiMkongwe
Sehemu zake za kufungia mikono zimepangwa kwa urefu huo tangu kwenye mchoro.

EK_Damu
Ndiyo maana mimi sibanduki kwa Civic za zamani. Mikono miwili kila gurudumu la mbele, unashusha na pembe inabaki nzuri. Honda walipoingiza MacPherson mbele kwenye kizazi cha 7 waliniumiza moyo.

Torki_Kwanza
EK, hata hizo zinakula tairi upande wa ndani zikishushwa, nimeona nyingi.

EK_Damu
Ukiona hivyo angalia kwanza tou (magurudumu yanavyoelekea ndani au nje), si kemba (yanavyoinama). Magurudumu yakitazamana vibaya, tairi linasuguliwa kila mita unayokwenda. Fanya alaimenti baada ya kushusha, na urudie springi zikishakaa.

MwendoPole
Na taa za mbele zipimwe upya. Nyuma ikishuka kuliko mbele utawamulika wenzako usoni.

KonaKali
Nimeingia chini jioni hii. Mikono ya mbele bado inateremka, ila kidogo tu, karibu imelala. Shokapu moja ya nyuma ina mafuta nje. Je, kuna aliyewahi kuweka boli jointi ndefu (kiungo kati ya mkono na gurudumu) kurekebisha pembe ya mikono?

EK_Damu
Kwanza sema rimu zako ni inchi ngapi, zingine hazina nafasi ya boli jointi ndefu.