Mjadala: Sheria ya uzururaji ya mkoloni ifutwe, au ikifutwa miji itatushinda?

Mleta Mada
Wakuu, tujadili bila matusi. Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, ni ya 1945. Kifungu cha 177 kinamnasa mtu anayeshukiwa, asiye na njia ya riziki inayoonekana na asiyeweza kujieleza. Maneno hayo chimbuko lake ni sheria ya Uingereza ya 1824, iliyotungwa kuwafagia maskini na askari waliorudi vitani wakakosa kazi. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika, hapa hapa Arusha, ilitoa ushauri kwamba sheria za namna hii zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na nchi zizifute au zizirekebishe. Malawi mahakama ilishakikata kipande cha sheria yao 2017, Uganda 2022. Sisi tunangoja nini? Na swali langu hasa: mkoloni aliitaka kwa usalama wa mji, au kwa kutafuta vibarua?

Fundi Saa
Malkia Victoria kafa zamani, fimbo yake bado inatembea Manzese.

Wakili wa Kijiweni
1824 Victoria alikuwa mtoto wa miaka mitano. Aliyekuwa kwenye kiti ni George wa Nne.

Fundi Saa
Haya, mwambie huyo George aje amtoe mdogo wangu mahabusu. Kakamatwa saa moja usiku akisubiri daladala, kosa lake hakujieleza vizuri. Ana kigugumizi.

Kariakoo Asilia
Mnalia sana humu. Sheria ina sababu yake. Dar imejaa vijana wa mikoani, mtu anashuka stendi na begi moja, hajui hata amefuata nini, wiki ya pili anakwapua simu. Mkoloni alikuwa anawakusanya anawarudisha kwao, mji unapumua. Ukweli mchungu huo, mmeze na maji.

Mama Lishe Mtata
Na wanaonunua sahani zangu za chakula ni hao hao wa mikoani. Wenye mji wanakopa.

Mtoto wa Kasulu
Kariakoo Asilia, “mikoani” ndiyo wapi? Babu yangu alitoka Kasulu akaenda kuwa manamba kwenye mkonge Tanga. Hakufuata taa za mji, alifuata hela ya kodi ya kichwa, maana asipolipa anaswekwa ndani. Akikata mkonge ni mtu mwema. Mkataba ukiisha akishika njia ya mjini kujitafutia mwenyewe, anakuwa mhuni wa kurudishwa kwao. Huo ndio usalama unaousifia? Halafu nikuulize: hapo Kariakoo, vita ya kwanza walipopiga kambi wabeba mizigo wa Mwingereza, walitoka wapi? Walichimbuliwa kama viazi?

Kariakoo Asilia
Usinipeleke kwenye vita. Mimi Mzaramo, mababu zangu wamezikwa hapa kabla Mjerumani hajajua njia. Mgeni akinikuta nimekaa anatakiwa apige hodi.

Wakili wa Kijiweni
Kwa wanaotaka sheria yenyewe: iko ya 1944, ya kuwaondoa watu wasiotakiwa mijini. Mkuu wa wilaya alikuwa anaweza kumwamuru Mwafrika asiye na kazi ya kueleweka aondoke mjini. Mtu hajaiba, hajapiga mtu. Na angalia mwaka: 1944, vita inaendelea, chakula cha mgawo, bei juu, na mashamba ya mkonge yanalilia watu. 1947 makuli wa bandarini wakagoma, serikali ikazidi kuona kila Mwafrika aliyesimama kona ya barabara ni hatari. Kwa hiyo mleta mada, usalama na vibarua havikuwa vitu viwili.

Mkenya wa Likoni
Ndugu zangu wa Bongo, huku kwetu hata hawakujificha. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, vita ilipokwisha ikaanza kazi kweli kweli. Mwanamume anavaa kikopo cha chuma shingoni, ndani mna karatasi yenye alama za vidole na jina la tajiri wake. Umetoka kwa tajiri bila yeye kutia sahihi, wewe ni mtoro. Hukuajiriwa, unazurura. Harry Thuku alikamatwa Machi 1922 kwa kuchachamaa juu ya hayo na kodi, watu wakapigwa risasi nje ya kituo cha polisi Nairobi. Na tukishapata uhuru, 1968 tukaandika sheria yetu wenyewe ya uzururaji! Ilikaa hadi 1997. Hiyo hatuwezi kumsukumia mzungu.

Binti Ng'ambo
Nyote mnaanzia katikati. Njooni Unguja, 1897, tarehe 6 Aprili. Sultani Hamoud bin Mohammed, Mwingereza kamsimamia begani, anatoa amri ya kufuta utumwa. Mnaisifu skuli kila mwaka. Someni ndani yake sasa: mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, na akishaupata sharti aonyeshe ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo atahesabiwa mzururaji. Makazi atayatoa wapi mtu aliyekuwa mali ya mwenye shamba? Wengi wakabaki pale pale, wakifanya kazi siku tatu kwa wiki kwenye karafuu za bwana ili waachiwe kibanda na kijishamba. Bwana, yeye, kalipwa fidia. Kwa hivyo swali la mleta mada lilijibiwa kabla Dar haijawa mji wa kujisifia uzawa.

Kariakoo Asilia
Wazanzibari nao wameingia. Kila mada lazima iwe karafuu.

Binti Ng'ambo
Na kila mada lazima iwe makaburi ya babu yako?

Mzee wa Gerezani
Vijana, mnamsema mkoloni tu. Mimi 1983 niliona Nguvu Kazi kwa macho. Sheria ya Bunge letu hiyo, si ya George. Huna kadi ya kuonyesha unafanya kazi wapi, unapandishwa gari kwenda kulima. Rafiki yangu alikuwa fundi cherehani wa barazani, ana wateja mpaka basi, lakini hana mwajiri wa kumtilia sahihi. Akabebwa na sindano iko mdomoni. Tofauti na kipande cha huyo Mkenya ni kikopo tu.

Jembe Halimtupi Mkulima
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo umeteleza. Nguvu Kazi lengo lilikuwa uzalishaji. Nchi haina mafuta, haina sabuni, watu wamekaa vijiweni. Usimlinganishe Waziri Mkuu Sokoine na gavana wa mkoloni.

Mzee wa Gerezani
Marahaba mwanangu. Sijamtaja Sokoine, umemtaja wewe. Na gavana naye lengo lake lilikuwa uzalishaji, ndicho wanachokueleza watu tangu asubuhi.

Mleta Mada
Wakuu, kifungu cha 177 jamani.

Mama Lishe Mtata
Kikifutwa mgambo atakula wapi?

Wakili wa Kijiweni
Kariakoo Asilia, nakujibu halafu nalala. Mwizi wa simu ana kifungu chake cha wizi, hahitaji cha uzururaji. Anayehitaji cha uzururaji ni mtu ambaye hukumkuta na simu. Na enzi hizo unazozililia, Wazaramo ndio waliokuwa wengi zaidi Dar. Walipokamatwa unadhani walipelekwa wapi? Kisarawe. Alhamisi anarudishwa kwao, Ijumaa anaswali Kariakoo.

Kariakoo Asilia
Kisarawe ni kama Dar tu.

Mtoto wa Kasulu
Na reli inatoka Kigoma mpaka Dar moja kwa moja. Nipigie hodi na wewe.